Malkia kawika

Jirani yetu anafanya kazi usiku, analala asubuhi, kwa hiyo kabla hatujaleta vifaranga tulimuahidi kabisa, majike tu, jogoo hapa hamna. Sa kifaranga cha siku mbili tatu utamjuaje? Wapo watu wanaomgeuza wakamwangalia nyuma wakakwambia, Wajapani ndo waliifikisha hiyo kazi mbali miaka ya 1930, ila ni ya kusomea na macho yawe makali kweli. Sisi tulikuwa na shemeji.

Shemeji akaomba pete ya dada yake, akaifunga uzi, akawa anaining'iniza juu ya kila kifaranga, ikizunguka jike, ikienda mbele na nyuma dume. Ikazunguka kwa wote. Nikamwambia shem mbona kama mkono wako ndo unazunguka, akasema huo unaitwa mvuto, nyamaza usiuvuruge.

Wakakua. Alikuwepo mmoja mshari, tukamwita Komandoo, anadonoa wenzake, analala ndani ya chombo cha chakula ili wengine wasile, ukipitisha mkono anaurukia. Alafu kulikuwa na mwingine mpoleee, anakuja mwenyewe mapajani anasinzia, binti yangu akampa jina la Malkia. Shemeji kumuona Komandoo akabadilisha maneno, oh huyu dume, siku ile uzi ulikuwa mrefu sana. Basi mke wangu akamgawa Komandoo kwa rafiki yake mwenye shamba, tukapumua.

Mi nilikuwa na wasiwasi na Malkia lakini nani anisikilize. Wiki ya sita tu upanga wake ulishakuwa mwekundu, vile vinyama vya chini ya kidevu vimeanza kuning'inia, wenzake hata rangi hawana, na huyo Komandoo aliondoka na kiupanga cha njano huwezi hata kukiona vizuri. Shemeji anasema ni afya, damu inatembea. Miezi mitatu manyoya ya kiunoni karibu na mkia, ambayo jike ncha zake zinakuwa za duara, ya Malkia yakatoka membamba yamechongoka, yanameremeta yanamwagika pembeni, mke wangu anasema jamani Malkia anavyojua kuvaa.

Alfajiri moja nikasikia sauti ya bawaba kavu, mtu anafungua geti taratibuuu anaiba. Nikatoka na fagio. Malkia yuko juu ya ndoo, shingo kaivuta mpaka manyoya yamesimama, macho kafumba, kokorii... ikakatikia katikati, akajikuna, akaanza upya. Binti yangu mlangoni, baba Malkia ana mafua. Na ukutani hapo kichwa cha jirani, ndo kwanza katoka kazini, viatu bado mguuni, ananiangalia mimi, anamwangalia kuku, ananirudia mimi. "Jirani, huyo ndo jike?"

Tukaanza kumfungia gizani asijue kumekucha, wapi, yani anawika humohumo gizani kuliko hata nje. Na hao majike wengine hata yai moja bado. Siku hiyo simu ikaita, rafiki wa mke wangu, anashukuru kwa yule kuku, ana fujo kidogo lakini kaanza kutaga.

Nikampigia shemeji aje haraka. Akamzunguka Malkia, akamshika mguu, kipi, ule mwiba wa jogoo, kimeanza kuchomoza, akatulia kidogo alafu akasema shem haya mambo yapo, kuku jike ana kokwa moja tu ya mayai inayofanya kazi, ikiugua anaweza kuota upanga akawika kabisa, kwa hiyo huyu bado ni jike ila mgonjwa, tumuombee. Na cha kuudhi hiyo habari ya kokwa ni kweli, nilishaisoma mahali. Hajamaliza kuongea Malkia akashusha bawa moja, akamzunguka mwenzake, akamng'ata manyoya ya kisogo akapanda mgongoni.

Shemeji akakohoa. "Hapo wanacheza."