Ndoto Kubwa na Kodi ya Miezi Sita

Kijana wa timu yetu alinificha ukweli kwa miezi mitatu, na kosa lilikuwa langu.

Tulikuwa tunatengeneza sanduku la kupoza samaki kwa nguvu ya jua. Samaki anunuliwe mnadani Feri, soko la samaki la Dar, alfajiri, afike Dodoma angali mbichi, bila hata bonge la barafu. Wengi walisema haiwezekani, nasi tukazidi kulipenda lengo letu. Kijana huyo ndiye aliyeshika vipimo. Wiki ya pili tu alishaona joto halishuki inavyotakiwa. Akanyamaza, huku sisi wengine tukihangaika na nembo na programu ya kupokea oda. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu: “Kaka, mradi ukifa na kazi imekufa. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita.”

Hapa Dar, kwenye makongamano ya kampuni changa, tunawahimiza vijana wasiogope kushindwa. Lakini kijana aliyepanga Sinza na anayesomesha wadogo zake wawili anaogopa mwisho wa mwezi. Hotuba haimwondolei hofu hiyo. Nami nilimwongezea, maana kila Jumatatu nilimsifu mbele ya wenzake yeyote aliyeleta habari njema.

Sasa mikataba yetu inataja muda, haitaji mradi: mwaka mmoja, mshahara uleule, jaribio lifaulu au lisifaulu. Ili ahadi hiyo ishike, ilibidi tubaki watano badala ya tisa. Iliniuma sana, lakini ningeamua hivyo tena. Na kazi tunaanzia pale panapoweza kuliua wazo, nembo itasubiri.

Nasikia watu wakisema malengo ya mbali hayatufai sisi, tufanye biashara zinazoeleweka. Siafiki. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini tangu mwaka 2000. Fikiria kumweleza mtu wa benki wazo hilo! Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania, aligundua mabomu 71 huko Kambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu. Wenzake wananusa makohozi kutafuta kifua kikuu. Kinachonivutia zaidi ni mafunzo yenyewe: panya hupata ndizi anapoonyesha penye harufu ya kilipuzi. Akikwaruza penginepo, hapati kitu. Zawadi inafuata ukweli, na kazi hiyo imedumu.

Mwezi uliopita, dada mmoja wa timu yetu alisimama asubuhi akasema jaribio lake halina maisha, akatuonyesha namba zake. Lilikuwa na siku kumi na moja tu. Tukamwagizia pilau, tukakaa naye hadi saa nane mchana tukizipitia namba zile. Jumatatu akaanza jaribio jingine. Mshahara wake uliingia tarehe ileile.