Jiolojia siyo dhahabu tu, kuna hii kozi ya maji na udongo mnaikimbia

Waulize wanafunzi wa jiolojia mwaka wa kwanza wamefuata nini chuoni, wengi watakutajia Geita, Mererani au gesi ya Mtwara, na siwalaumu, bumu lenyewe halitoshi na nyumbani kuna watu wanasubiri umalize. Ila kuna kozi moja watu wanaikwepa wakiweza, wasipoweza wanaisoma shingo upande kwa sababu ina kemia nyingi na sapu (mitihani ya kurudia) zake zinajulikana, nayo ni jiokemia ya mazingira ya juu ya ardhi, yaani kinachotokea mvua ikikutana na mwamba, udongo, mto, ziwa na kisima. Mimi naona hii ndo ilitakiwa iwe ya lazima, na ifundishwe kwa maji yetu wenyewe, siyo mifano ya mvua ya asidi ya Ulaya kila semista.

Chukua Arumeru. Ubavu wa mashariki wa Mlima Meru uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, kifusi chake ndo kimetandaa mpaka Momella na Maji ya Chai, watu wanaishi na kulima juu yake. Miamba ya pale ni ya volkano, ina sodiamu nyingi na floraidi ndani, na floraidi hiyo inaingia kwenye maji. WHO wanashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, kule kuna vyanzo vinapita hapo mara kadhaa, ndo maana unakutana na mtu mzima akicheka anaziba mdomo kwa ajili ya meno ya kahawia, na wengine hali ni mbaya zaidi, mifupa yenyewe inaathirika mpaka miguu inapinda. Tumelizoea hili mpaka tumeligeuza utani wa kuwatambua watu wa kule (utani wa kijinga kwa kweli), ila ukiuliza kwa nini floraidi pale haina breki, kimya.

Jibu liko kwenye hiyo hiyo kozi mnayoikimbia. Kwenye maji mengi kalsiamu ndo inayoizuia, floraidi ikizidi inashikana nayo, inakuwa madini yanayoitwa floraiti na kutulia chini. Maji ya Meru yamejaa sodiamu na bikaboneti, pH (kipimo cha uasidi, ikiwa juu maji yako mbali na asidi) iko juu, kwa hiyo kalsiamu inaganda mapema na kuwa chokaa, haibaki ya kutosha kuikamata floraidi, basi inazidi kupanda kadiri maji yanavyokaa na mwamba, na juu ya hapo pH ikiwa juu hata udongo wa mfinyanzi unaachia floraidi uliyokuwa umeishika. Sasa mtu anakuja kijijini na ushauri wa siku zote, chimbeni kirefu zaidi maji ya chini ni safi. Safi kwa vijidudu sawa, ila kwa floraidi unaweza kuwa umewashusha kwenye maji yaliyokaa na mwamba muda mrefu zaidi. Huyo mtu ana digrii, aisee.

Halafu kuna magadi. Yale yanayozolewa kwenye maziwa ya magadi kama Natron na kuuzwa sokoni kulainishia makande na maharage, nayo yana floraidi, kwa hiyo familia inaweza kuwa na bomba zuri kabisa na bado ikaila kwenye sufuria. Hili lingekuwa swali tamu la mtihani, sijawahi kuliona.

Dawa zipo. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, huko huko Arumeru, wamefanyia kazi mkaa wa mifupa ya ng'ombe miaka mingi, na Nakuru Kenya dayosisi ya Katoliki nayo ilitengeneza vichujio vya namna hiyo. Madini ya mfupa yanaipokea floraidi na kuachia haidroksidi, lakini kichujio kinachoka, na kikishachoka maji yanatoka na rangi ile ile na ladha ile ile. Nani anapima? Hapo ndo anahitajika huyu mwanafunzi.

Ila afundishwe kweli. Chuo nilichosoma tulijaza ubao kwa milinganyo ya kaboneti na elektrodi ya floraidi (kifaa cha kuipimia) imefungiwa kabatini. pH na alkaliniti (uwezo wa maji kuizima asidi) vinapimwa pale pale mtoni, ukisubiri mpaka ufike Dar na basi kaboni dayoksaidi ishatoka, pH imebadilika, na chokaa inaweza kuwa imeanza kuganda. Chupa ya sampuli ya kupima metali unatia asidi, ya kupima floraidi hutii asidi, na iwe ya plastiki. Vitu hivi fildi ya siku chache inavifundisha kuliko slaidi za muhula mzima.

Najua mtauliza ajira. RUWASA (wakala wa maji vijijini), mamlaka za maji, bodi za mabonde, NEMC (baraza la mazingira), na hata huko migodini mnakotaka wanahitaji mtu wa kueleza kinachovuja kwenye mabwawa ya tope, bila kusahau zebaki ya wachimbaji wadogo inayoishia kwenye samaki. Sisemi kazi ni nyingi, nasema zipo na wanaozielewa ni wachache.

Kama upo mwaka wa mwisho na unatafuta mada, chukua kisima cha kwenu, pima kiangazi, pima tena masika, andika kalsiamu, sodiamu, bikaboneti, pH na floraidi. Msimamizi akikwambia hiyo ni kazi ya watu wa maji, muombe akueleze kwa nini floraidi imepanda na kalsiamu imeshuka, umsikilize.