Ebashi anastahili kujulikana hata huku kwetu

Asante sana mwandishi kwa makala yako kuhusu Setsuro Ebashi, mwanasayansi Mjapani aliyetumia maisha yake kuchunguza misuli na moyo. Ila umepita haraka mno pale 1959, maana yeye na wenzake ndo walionyesha kwamba wagonjwa ambao misuli inalegea na kuisha taratibu, kreatini kinesi, kimeng'enya cha ndani ya misuli, inapanda sana kwenye damu, na kipimo hicho kinatumika mpaka leo! Huku Tukuyu mtoto akianza kuanguka anguka na kushindwa kupanda kilima utasikia karogwa, wazazi wanauza ng'ombe wanapeleka kwa mganga wakati kupima damu kidogo tu kungeonyesha pa kuanzia, inaniuma sana hii. Halafu miaka ya 60 akaja na troponini, protini inayopokea kalsiamu ndo msuli ukaze, na mwanzoni wengi hawakumwamini kabisa kuhusu hiyo kalsiamu. Leo mtu kabanwa kifua, troponini ya moyo ikipanda kwenye damu daktari anajua msuli wa moyo umeumia. Serikali ihakikishe vipimo hivi vipo hospitali zote za wilaya, Makete, Ludewa, Rungwe, maana kutoka Ludewa mpaka Mbeya mjini na kifua kinabana ni mbali jamani.