Hakuna Aliyezimia

Nianze na hili: hakuna aliyezimia. Ile sauti inayozunguka kwenye wasapu tangu juzi usiku, kuhusu posa ya dadangu na mashine yangu ya kuvuta vumbi, ambayo msimulizi anacheka kuliko anavyosema, imejaa uongo. Hakukulipuka kitu. Hakuna ndevu zilizoungua. Na mimi sikusema "ngojeni niongeze spidi". Yule mbea wetu (mnamjua, nami namjua, na kahawa yetu aliinywa) alikuwa amekaa mlangoni, na nusu ya mambo hakuyaona kwa sababu alishatoka kwenda kuchekea kichochoroni.

Majivu, hayo ni kweli.

Mlio nami siku nyingi mnazijua mashine zangu. Kwa wageni: ndiyo, mimi hukusanya mashine kuukuu za kuvuta vumbi na kuzifufua. Ndiyo, hapahapa Mji wa Kale, Mombasa, ambako ufagio wa chelewa haujawahi kumshinda mtu. Ninazo kumi na moja, na mamangu huziita "mayatima wako". Hapana, hatuna mazulia kumi na moja. Tuendelee.

Ya juzi ni Electrolux ya silinda, ya miaka ya 1950, iliyotengenezwa Luton, Uingereza. Ni mtungi wa chuma unaolala juu ya reli mbili kama ngalawa iliyopandishwa pwani. Niliiokota Kongowea chini ya rundo la pasi na redio mbovu, na muuzaji aliniapia kuwa ni kifaa cha meli. Chumvi ya bahari ilikuwa imeila ubavuni. Nikaipiga msasa wiki tatu, nikachonga kaboni za drili (vile vijiwe vya kupitishia umeme) mpaka zikaingia kwenye mota yake, mpira wa mdomoni nikaukata kwenye tyubu ya baiskeli. Mfuko wake wa kitambaa, unaokaa tumboni na kuzuia vumbi, nikaufua nikauanika darini.

Huo mfuko uacheni hapo darini. Tutaurudia.

Jambo moja mlijue kuhusu hizi silinda: zina matundu mawili. La mbele huvuta, la nyuma hupuliza, na bomba ni lilelile, hukaa kote kuwili. Waliozitengeneza walikusudia, kwani hata rangi ukitaka kupuliza utapuliza. Mimi Ijumaa usiku nilipulizia mkaa wa mishkaki. Wallahi dakika tatu tu jiko likawa jekundu. Tukala, tukalala. Bomba likabaki nyuma.

Jumamosi baada ya alasiri wakaja watu wa posa ya dadangu. Wanaume saba, kanzu nyeupe pe, kofia za vito, wakiongozwa na ami yake bwana harusi, mzee mkimya mwenye ndevu za hina ambaye akikutazama unakumbuka madeni. Babangu akawakaribisha ukumbini. Halwa ikatoka, kahawa chungu ikatoka, chetezo cha udi kikawekwa katikati ya zulia. Mambo yakaenda vizuri hata nikaanza kuona sina kazi.

Ndipo mzee akaiona mashine pembeni. "Na hiki kidude n'cha nini, mwanangu?"

Jamani. Mtu anayekusanya vitu ambavyo hakuna anayeviulizia, siku akiulizwa, tena na mzee kama yule, atafanyaje? Nilifunguka kama bomba la kanjo. Nikamwambia habari za Spangler, mfagizi wa duka kule Canton, Ohio, aliyekuwa na pumu, akafunga feni na foronya kwenye mpini wa ufagio, na mwaka 1908 akamwuzia mfanyabiashara Hoover haki za mashine hiyo. Babangu akanikonyeza ninyamaze. Nikadhani ananipa moyo.

Nikaingia kwa Booth. Mwaka 1901, London, mhandisi Hubert Cecil Booth alikwenda kutazama mashine ya kusafishia iliyokuwa ikipuliza vumbi badala ya kulivuta. Vumbi linaruka hapa, linatua pale. Booth akauliza, kwa nini isivute? Akaambiwa haiwezekani. Basi akaweka leso juu ya kiti, akatia mdomo, akavuta kwa pumzi zake hadi nusura apaliwe, na leso ikawa nyeusi. "Fikiria, Ami," nikasema, na haya maneno ndiyo yanayoniamsha usiku, "watu wazima na akili zao, wanapuliza vumbi ndani ya nyumba!"

Wazee wakacheka. Mzee mwenyewe akatabasamu, na kipande cha halwa kikamdondoka zuliani.

Nikasema, "Usijali, Ami. Tazama."

Sasa hapa nakwenda polepole, maana ndivyo ilivyokwenda.

Nikaiburuta mashine mpaka katikati, mdomo wake wa mbele ukasimama shubiri moja kutoka kwenye chetezo. Mdomo uko wazi. Tumboni hamna mfuko. Bomba liko nyuma. Haya yote yalikuwa mbele ya macho yangu, na macho yangu yalikuwa yakimtazama mzee kuona kama ananitazama. Nikabonyeza swichi.

Ikanguruma vizuri ajabu. Nilisikia fahari, sifichi. Nikaielekeza ncha ya bomba kwenye ile halwa. Halwa haikuja. Ikajiviringisha, ikaenda zake mpaka chini ya kiti cha babangu.

Mtu mwenye akili angezima. Mimi nikainua bomba nitazame ndani limezibwa na nini.

Wakati huo chetezo kilikuwa kinakwisha. Majivu ya mkaa wote ule laini yaliingia mdomoni, yakapita tumboni pasi na kizuizi, yakapita kwenye feni, na yakatokea kwangu. Usoni. Nikafumba macho, nikageuka ili nisivute pumzi, na nilipogeuka bomba nalo liligeuka, mkononi, kimo cha uso wa mtu aliyekaa. Kutoka kushoto kwenda kulia. Bila kumruka mtu. Kama mtu anamwagilia mchicha.

Na yalinukia! Hilo yule mbea hakulisema. Majivu yenye udi mzuri kabisa, wa Idi.

Swichi ikakwama. Nikakimbilia soketi ya ukutani, ambayo iko nyuma ya kiti cha nani? Sawasawa. Ikabidi niiname juu ya bega lake huku bomba bado liko mkononi, likampulizia kofia kutoka chini, ikainuka, ikakaa upande. Nikachomoa waya. Lakini hizi feni hazizimiki palepale, huzunguka kwanza, na mlio ukashuka taratibu, wuuuuu, kama unasikitika.

Kimya.

Watu saba wa rangi moja. Majivu yameganda kwenye halwa, yanaelea kwenye vikombe. Ndevu za hina, kazi ya asubuhi nzima pengine, zimerudi mvi. Mzee akapangusa jicho moja kwa kidole, akaitazama mashine, akanitazama mimi.

"Na huyo Booth," akasema, "ndiye aliyekuuzia hii?"

Kutoka uwani, nyuma ya pazia, nikamsikia mamangu akisema "Lahaula" mara tatu, ya tatu ikiwa na jina langu.

Yaliyobaki ni mafupi. Posa ilipita, mahari yakakubaliwa kwa haraka nisiyowahi kuiona, nadhani kila mtu alitaka kwenda kuoga. Dadangu hasemi nami ila kwa ishara. Mashine imejaa majivu hadi kwenye kaboni, itabidi niifungue yote upya. Mayatima wote kumi na mmoja wamehamishiwa darini, na mfuko nimeukuta bado umeanikwa, mkavu, msafi.

Kanzu saba zimefuliwa. Kofia ndizo shida: dobi wa kwanza aliziangalia akaniuliza kama kulikuwa na msiba. Kwa hiyo mwenye kumjua fundi wa kofia za vito anayefua bila kuharibu nakshi, popote kuanzia Kibokoni mpaka Majengo, aniandikie leo. Saba. Moja ina shimo dogo la kaa.

Sawa, basi. Moja iliungua kidogo.