Frank Grimes alikosea adui

Jana usiku nimerudia tena ile epsodi ya katuni ya The Simpsons ya mwaka 1997, Homer's Enemy, sizoni ya nane, sijui ni mara ya ngapi sasa, na safari hii nimehama timu kabisa.

Kwa ambao hamjaiona, kuna jamaa anaitwa Frank Grimes, maisha yamemchapa toka utotoni, wazazi wamemtelekeza ana miaka minne, bethidei yake ya 18 kalipukiwa na ghala, akajifunza upya hadi kusikia, akawa anasoma kwa posta mpaka kapata diploma ya fizikia ya nyuklia. Mzee Burns, tajiri mwenye kituo cha umeme wa nyuklia, anamuona kwenye TV, machozi yanamtoka, anasema niletewe huyu awe makamu wangu. Kesho yake Grimes anafika na mkoba wake, kumbe Burns kashaangalia habari ya mbwa aliyeokoa mtoto asigongwe na gari, sasa makamu anamtaka mbwa. Grimes akatupwa huko kwa kina Homer, yule baba wa familia ya Simpson anayefanya kazi hapo hapo kwa Burns. Basi, imeisha hiyo.

Wengi tuko upande wa Grimes na mimi nilikuwa namtetea balaa. Homer analala kazini, anamlia mwenzie chakula, ana nyumba ya ghorofa, kwake wanakula kambakoche, ameshafika mpaka anga za juu, na Grimes anaishi chumba kimoja juu ya ukumbi wa boling na chini ya ukumbi mwingine wa boling (hapo huwa nacheka mpaka jirani anagonga ukuta). Hasira lazima.

Ila hebu angalieni ile sehemu ya tindikali. Homer kashika chombo anataka kunywa, hajui ni nini, Grimes anakipiga kofi, tindikali inarukia ukuta, ukuta unayeyuka. Burns anatokea. Anakatwa mshahara nani? Grimes. Haya, Grimes anatoka pale anaenda kumtangazia nani uadui? Homer!

Nimesimamisha video hapo nikakaa kimya kidogo, maana kuna kazi niliwahi kufanya, mwenzetu mmoja alikuwa anachelewa kila siku ya Mungu na mimi nilikuwa na kijidaftari namwandikia dakika zake, leo 17, jana 40, mwaka mzima, nyongeza ya mshahara sikupata hata shilingi na yule aliyeninyima kila asubuhi nampa shikamoo bosi, tena nimeinama kabisa.

Na Burns angalau kwenye hii epsodi hana hata sekunde moja ya kujuta, anasahau mtu kama unavyosahau mwavuli kwenye daladala.

Mwisho Grimes anachanganyikiwa, anakimbia ofisini anamuigiza Homer, anakutana uso kwa uso na Burns, nikasema sasa hapa atayatoa yote. Wapi. Anamsalimia, anajiita mfanyakazi mbovu kuliko wote duniani, anapita zake, anaenda kushika nyaya za umeme mkubwa bila glavu, na jina la Homer liko mdomoni hata hajalimaliza.