Mvinyo wa Biskuti, Mtaa Mzima Shahidi

Waliopiga marufuku mfuko wa rambo mweusi mwaka 2019 hawakunifikiria hata kidogo. Mitaro ilikuwa imeziba, sawa, nakubali. Lakini mtu mzima mwenye familia atabebaje chupa ya mvinyo saa tatu asubuhi, tena Jumapili?

Chanzo ni binti yangu. Anasomea mambo ya hoteli, kaja na biskuti za Kiitaliano, ciambelline al vino, viduara vya kuchovya kwenye mvinyo. Vipimo rahisi: glasi ya mvinyo, glasi ya mafuta, glasi ya sukari, unga mpaka donge likubali. Mayai hakuna, siagi hakuna. Hapo ndipo waliponipata. Oveni nayo hakuna, lakini hilo dogo: sufuria, mchanga chini, mkaa juu ya mfuniko.

Mangi kanipa mwekundu wa Dodoma, kaufuta vumbi kwa heshima zote, kauviringishia gazeti. Gazeti limefunika kitako, shingo iko nje inasalimia watu.

Nikatoka kifua mbele. Vijana wa bodaboda: "Mzee, leo umewahi!" Watoto wa jirani: "Shikamoo babu." Babu! Marahaba, chupa ikahamia kwapani. Kwapani haikai. Nikaificha mgongoni, na huko nyuma ndiyo kwanza misa ya kwanza imetoka.

"Tumsifu Yesu Kristo." Mama mwenyekiti wa jumuiya.

"Milele, amina."

"Baba, misa hatukukuona."

"Nasali ya pili, mama. Hii ni ya biskuti."

"Ya biskuti." Alirudia taratibu, kama askari anayeandika maelezo kituoni.

"Inakandiwa unga, mama. Kilevi kingi kinapotelea kwenye moto."

"Kingi," akasema. "Siyo chote."

Kemia kasomea wapi huyu? Simu ikaita, binti: "Baba, na kizibuo je?" Kizibuo! Mama naye akashusha sauti: "Basi baba, kama ya mvinyo imepatikana, ule mchango wetu wa harusi..."

Jamani! Kadi ya single elfu hamsini, double laki. Usipompeleka mama watoto, nyumba haikaliki. Ukimpeleka, kuna kitambaa cha sare, kuna fundi anayeahidi Alhamisi na kuzima simu Ijumaa. Kadi inasema saa kumi na mbili jioni kamili, maharusi wanaingia saa tatu, MC anawainua watu wazima wakacheze kwaito. Chakula kinafika meza yenu mkiwa mmeshasinzia, na hapo umetoa laki: kuku wa baridi, soda ya moto.