Uchuro na miche 62

Kwenye baraza za Tanga, anayesema "biashara hii haifiki mbali" huambiwa upesi: usituletee uchuro. Anayesema "inshallah itakuwa kheri" huongezewa kahawa. Hukumu imetoka na hoja bado haijasikilizwa. Lugha nayo inamwonea yule wa kwanza, maana mtu anayetazamia mabaya hatuna jina la kumwita ila "aliyekata tamaa". Ajabu ni kwamba tamaa ikibaki nzima ni aibu, tamaa mbele mauti nyuma. Ukiikata, nayo aibu.

Wenye matumaini wana ushahidi, tena umeota kandokando ya barabara kutoka Muheza hadi Korogwe. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge kutoka Florida. Aliagiza miche 1,000. Iliyofika hai ni 62. Kutokana na hiyo 62, kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa inatoa takriban tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka. Mtu akikusimulia hivyo, utaona haya kumpinga.

Lakini simulizi hiyo hukatishwa mahali pazuri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tani zilikuwa zimebaki kama 20,000. Utaifishaji wa mwaka 1967 na kamba za plastiki vinajulikana, sivirudii. Kisichosemwa sana ni kalenda ya mmea wenyewe. Mkonge hukatwa mara ya kwanza ukiwa na miaka kama mitatu, huendelea kukatwa kwa miaka kadhaa, kisha hutoa mlingoti wake wa maua na kufa. Anayepanda hutazama bei ya leo, ila atauza kwa bei ya miaka mitatu ijayo, na ya miaka inayofuata, asiyoijua. Vita vya Korea vilipandisha bei ya singa hadi kileleni mwaka 1951. Aliyepanda mwaka huo kwa furaha alianza kukata mwaka 1954, bei ikiwa imeshaporomoka. Wala hakuwa mjinga. Aliamini tu kwamba leo itaendelea.

Shambani ni vilevile. Bei ikiwa nzuri, mkono unawasha: kwa nini uache majani 20 juu ya shina wakati unaweza kuchukua na hayo? Ukiyachukua, mmea unadhoofika, majani yanayofuata yanatoka mafupi, na singa fupi hushuka daraja. Tena katika kilo 100 za majani, singa ni kama kilo 4. Zilizobaki ni maji na makapi. Majani yakikaa zaidi ya siku moja au mbili bila kupita kwenye korona, ile mashine ya kukamua majani ili ibaki singa, utomvu hukauka na singa haisafiki vizuri. Kwa hiyo yule msimamizi anayeuliza kila jioni, "korona ikikwama kesho, majani haya tunayapeleka wapi?" ni kero kwa kila mtu, na ndiye anayeokoa mzigo.

Kuna swali jingine: zile tani zilikuwa kheri ya nani? Manamba, kibarua wa mkataba aliyetoka mbali, hakuhesabu tani. Alihesabu siku 30 kwenye kipande chake, kadi ya siku za kazi, na kipande kisipojaa, mshahara haupo. Anayesema enzi zile zilikuwa neema amuulize huyo kwanza.

Hoja kali kabisa ya wenye matumaini, kwa maoni yangu, haiko kwenye mkonge. Iko kliniki. Mwaka 1999, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa 43. Hakuna uchuro unaoweza kuifuta tarakimu hiyo. Ila tazama imeshushwa na nini. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Surua miezi 9, kisha miezi 18. Hiyo ni ratiba ya mtu aliyeamini kwamba ugonjwa unakuja, akaupangia tarehe. Nesi akiona mstari wa uzito kwenye kadi umelala, hasemi "atanenepa tu". Anamuuliza mama mtoto anakula nini, mara ngapi kwa siku, na lini arudishwe. Matumaini ya taifa zima yamejengwa na watu wenye wasiwasi.

Wenye matumaini nao wapewe haki yao. Mwenye uchuro halisi angelifungua lile sanduku la Florida, akahesabu 938 iliyokufa, akaitupa na ile 62. Na wapo ambao uchuro wao ni uvivu uliovaa kanzu: mvua haitanyesha, basi jembe halitoki ndani. Kuwatofautisha si kazi ngumu. Muulize: sasa unafanya nini? Mmoja atakwambia ndiyo dunia ilivyo. Mwingine atasema kesho atakatisha nusu tu ya majani mpaka korona itengenezwe. Huyo wa pili ndiye tunayemnyima kahawa.